Tumbo Joto na Siku za Kungoja Majibu

  

Barua tuliyoichagua juma hili imetoka mbali na bahari. Imeandikwa Wamagana, huko Tetu katika kaunti ya Nyeri, kwenye miinuko inayopanda kuelekea milima ya Aberdare, penye mashamba ya chai na kahawa na baridi ambayo mzaliwa wa Mombasa haizoei hata akikaa miaka kumi. Aliyeandika ni binti yetu wa pwani aliyemfuata mumewe huko kwa biashara, mama wa watoto watatu, umri wake karibu arubaini. Ametupa idhini ya kumjibu hadharani, nasi tumebadilisha mambo machache ili asijulikane.

Anasema ana maumivu kwenye chembe cha moyo, na mara nyingine chini ya mbavu za upande wa kulia. Alipopimwa damu aliambiwa kwamba vipimo vya ini havikukaa sawa, akapewa tarehe ya kurudi ili apimwe homa ya ini na apigwe picha ya ultrasaundi. Kati ya siku ile na tarehe hiyo kuna majuma matatu. Tangu hapo hali usingizi ukamkolea. Huwapikia watoto lakini yeye mwenyewe tonge haimpiti. Na kila anapoikumbuka tarehe, tumbo humsokota zaidi. Mamake aliyeko Mombasa hajui lolote. Anatuuliza mambo mawili: je, hofu hii ni upungufu wa tawakkul? Na je, maumivu yake ni ya ini au ni ya mawazo? Liko na la tatu ambalo hakuliuliza, ila limo katika kila mstari wa barua yake, nalo ni aibu.

Tuanze na suala la imani, maana ndilo linalomtesa kuliko maumivu yenyewe. Yuko aliyemwambia kwamba mwenye kumtegemea Mola haogopi. Maneno haya husemwa kwa nia njema, lakini hayana msingi. Tumtazame mama yake Nabii Musa (A.S.), ambaye kisa chake kimo katika Suratul Qasas. Mwanamke yule alikuwa na ahadi ambayo hakuna mmoja wetu aendaye hospitali aliye nayo mkononi: Mola wake alimfahamisha kwamba mtoto atarudishwa kwake na atakuwa miongoni mwa Mitume. Pamoja na ahadi hiyo, alipokwisha kumtia mwanawe mtoni, Qur'ani yatueleza kuwa moyo wake uligeuka mtupu, na alikaribia kuitoboa siri lau Allah hakumtia nguvu. Hakukaripiwa kwa hofu ile. Hakuambiwa imani yake ni haba.

Kisha tutazame alilofanya. Alimtuma binti yake amfuatilie mtoto kwa mbali. Hakuketi akasema ahadi imekwisha kutolewa, basi. Moyo wake ulitetemeka, na mkono wake ukafanya kazi. Yote mawili yalikuwa ndani ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Ndiyo maana tunamwambia binti yetu kwamba tawakkul yake haipimwi kwa mapigo ya moyo wake saa nane za usiku. Aliyekwenda kupimwa, akaipokea tarehe, akaishika, huyo keshamfunga ngamia wake.

Na Nabii Yaaqub (A.S.) alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yakaingia weupe, ilhali ni Mtume anayejua kwa Mola wake wasiyoyajua wengine. Huzuni ilianzia moyoni, ikaishia machoni. Hapa tumekwisha kuingia katika swali la pili.

Lugha yetu yenyewe imelijua jambo hili zamani. Mtu aliyevunjwa moyo kwa maneno makali husema amekatwa maini. Mwenye wasiwasi tunasema ana tumbo joto, na siku hizi hata watangazaji wa redio hulitumia neno hilo kwa wanasiasa wanaongoja matokeo ya kura. Wanachuoni wetu nao waliliandika. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia, alitunga kitabu kizima juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaeleza kwamba binadamu ni vyote viwili, na kimoja kikiugua hakikiachi chengine salama. Aliwalaumu hata matabibu wa zama zake kwa kuutibu mwili peke yake. Miaka elfu moja na zaidi imepita, na lawama ile ingali ina watu wake.

Wataalamu wa leo wanatueleza njia yenyewe. Matumbo yana mtandao wake wa neva, mamilioni kwa mamilioni, unaozungumza na ubongo usiku na mchana. Ubongo ukishikwa na hofu, misuli ya matumbo hukaza au kwenda mbio, tumbo huwa jepesi kuhisi maumivu, na hata gesi ya kawaida huuma kama kisu. Mgonjwa naye huacha kula, akanywa chai ya rangi tupu, akameza hewa kwa kuhema, na tumbo likazidi. Akiona limezidi, hofu nayo yazidi. Huo ndio mduara anaozunguka ndani yake binti yetu, na maumivu yaliyomo si ya uongo. Asikubali mtu yeyote amwambie kwamba hayapo.

Kuna jambo moja ambalo lau lingejulikana lingewapunguzia wengi hofu. Nyama ya ini lenyewe haina neva za kuhisi maumivu. Kinachouma ni ule utando ulioligubika, nao huuma ini linapovimba na kuuvuta. Kwa sababu hiyo yako maradhi mazito ya ini yanayokwenda kimya kwa miaka, na yako maumivu makali ya tumbo yasiyohusiana na ini hata kidogo. Basi binti yetu asiutumie ukali wa maumivu ya usiku kuwa kipimo cha ukubwa wa ugonjwa, kwa maana si kipimo. Vilevile, damu kuonyesha kwamba vimeng'enya vya ini vimepanda ni dalili ya kuuliza, haijawa jibu. Huweza kupanda kwa sababu ya dawa, kwa homa ya virusi inayopita, kwa mafuta kujaa kwenye ini, au hata kwa kazi nzito ya misuli, kisha vikashuka.

Lakini tusije tukamtoa kwenye hofu tukamtia kwenye uzembe. Maumivu ya chembe cha moyo yaweza kuwa vidonda vya tumbo, na ya chini ya mbavu za kulia yaweza kuwa vijiwe vya nyongo. Yote yana tiba. Siku ya kurudi ayataje maumivu kama jambo la pekee: yanaanza saa ngapi, kabla ya kula au baada, yanaelekea wapi. Na ziko dalili ambazo hazingoji tarehe. Akitapika damu au kitu cheusi mfano wa unga wa kahawa, akipata choo cheusi kama lami, macho yakigeuka manjano, tumbo likivimba maji, homa ikapanda pamoja na maumivu, au akaanza kuchanganyikiwa na kusinzia kusiko kwa kawaida, apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku na mvua.

Sasa dawa. Tumemuuliza anameza nini, na majibu yake yametushtua. Asubuhi ni vidonge vya maumivu kutoka dukani, mchana ni mizizi iliyochemshwa aliyoletewa na mtu, usiku ni vidonge tena. Parasetamoli ni dawa njema kwa kiasi chake. Mtu mzima mwenye afya hapaswi kupita gramu 4 kwa siku, ndivyo vidonge 8 vya miligramu 500, na ikipita hapo huliharibu ini lenyewe. Mwenye ini linaloshukiwa huenda akapangiwa kiasi kidogo zaidi, kwa hiyo aulize kabla ya kumeza. Zile za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki huukwangua ukuta wa tumbo na zaweza kuleta vidonda na kutoka damu. Ama mizizi na majani, sisi si maadui wa miti shamba, na babu zetu walitibiwa nayo. Lakini dawa isiyojulikana jina wala kipimo, ikapitia kwenye ini ambalo bado linachunguzwa, ni sawa na kumtwika mzigo punda ambaye hujajua kama anachechemea. Aiache mpaka majibu yatoke, na amwambie daktari yote aliyokunywa bila kuficha hata moja.

Tuje kwenye aibu. Katika sehemu za Mlima Kenya, ambako pombe haramu imeua watu na kuwapofusha wengine, ini likitajwa watu hufikiria chupa. Jirani mmoja alipomsikia binti yetu akilitaja ini, alimtazama kwa namna ambayo hadi leo haijamtoka. Mwanamke ambaye pombe haijagusa ulimi wake anahisi kama anayesubiri hukumu ya kosa ambalo hakulitenda. Na huku pwani hatuna la kujivunia. Ugonjwa wa ini ukiingia nyumba ya Kiislamu, mnong'ono wa kwanza ni kwamba mume ana siri, na wa pili ni kwamba mke ndiye mwenye nayo.

Basi na ijulikane kwamba milango ya maradhi ya ini ni mingi. Kuna homa ya ini aina ya B, ambayo mtoto huweza kuipata kwa mamake wakati wa kuzaliwa akaishi nayo miaka arubaini bila kuhisi kitu; Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi nayo, na walio wengi hawakuwa wamepimwa. Kuna aina ya C, ipitayo kwenye damu. Kuna mafuta yanayojaa kwenye ini kwa sababu ya unene na kisukari, na hapa sisi watu wa biriani, mahamri na soda tungefaa kunyamaza kidogo kabla ya kumcheka mlevi. Kuna kichocho cha matumbo, ambacho huko Mwea katika Kirinyaga, jirani na Nyeri, kinafahamika tangu zamani kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga, na mayai yake hukwama kwenye ini yakaacha makovu. Kuna sumu ya ukungu wa mahindi: mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na maeneo ya karibu, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Kuna dawa, na zimo zile za kifua kikuu, ambazo hazina budi kutumiwa lakini kwa kuangaliwa.

Mwenye kuona jicho la manjano akakimbilia kusema fulani mlevi, au fulani si mwaminifu kwa mumewe, ameingia katika dhana iliyokatazwa katika Suratul Hujurat. Na kumsingizia mwanamke aliyehifadhika si mchezo wa barazani. Sharia imeliwekea jambo hilo adhabu.

Je, amfiche mamake? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, methali ambayo wengi hupenda kumsomea mgonjwa bila kuona jinsi inavyomkata maini. Hatumlazimishi kutangaza. Siri ya mwili wake ni yake, na hana deni kwa majirani wala kwa wanawake wa msikitini. Lakini kubeba peke yake ni kujidhulumu. Achague mtu mmoja au wawili, na wa kwanza awe mumewe, ambaye kwa maelezo yake anajua tarehe tu wala hajui usiku unavyopita. Kusema unaumwa si kulalamika dhidi ya qadari. Mtume (S.A.W.) mwenyewe, Bi Aisha (R.A.) alipolalamika kichwa, naye alitaja kwamba kichwa chamuuma. Nyumba ya Mtume ilisemwa maumivu ndani yake kwa sauti.

Nawe mume, ikiwa unasoma haya, usimwambie mkeo asiwaze. Hakuna aliyewahi kuacha kuwaza kwa kuamrishwa. Mwambie utafunga duka siku hiyo ufuatane naye, kisha ulifunge kweli. Na ikiwa safari haiwezekani, basi jirani aliyemchukua siku ya kwanza, mama wa Kikikuyu ambaye barua yamtaja kwa wema mwingi, ana haki ya kushukuriwa na kuombwa tena. Uislamu haujamzuia Muislamu kushikwa mkono na jirani yake mwema, na katika mji ambapo Waislamu ni wachache jirani ndiye jamaa.

Ndugu wanaozuru nao wana adabu yao. Tunawajua wageni ambao hawajamaliza kuvua viatu wamekwisha kuhesabu watu watatu waliokufa kwa ugonjwa ule ule. Mgonjwa ahitaji mtu wa kumfulia, wa kumkalia na watoto, wa kumpikia kitu laini. Bi Aisha (R.A.) alikuwa akiagiza ipikwe talbina, ule uji mwepesi wa shayiri, kwa mgonjwa na kwa aliyefiwa, kwa kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akiusifu kwamba huupumzisha moyo wa mgonjwa. Hatusemi kwamba uji huponya ini. Twasema kwamba tumbo lililosokotwa na hofu hupokea uji mwepesi pale linapoukataa wali wa nazi, na kwamba kidogo kidogo mara tano ni bora kuliko sahani moja kubwa jioni.

Usiku ndio wenye kazi. Binti yetu asema watoto wakilala huichukua simu akatafuta, na kila atafutapo hufika kaburini. Simu ile ilale chumba chengine. Kuna dua mashuhuri ambayo Mtume (S.A.W.) alikuwa akikithirisha kuisoma, akijikinga kwa Allah na mambo kadhaa, na mawili ya mwanzo ni hamm na hazan. Wanachuoni wamefafanua kuwa hamm ni dhiki ya jambo lijalo, na hazan ni dhiki ya jambo lililopita. Tazameni jinsi kungoja majibu kulivyopewa jina lake. Aisome dua hiyo, na katika sijda za mwisho wa usiku aseme kwa Kiswahili chake chote kilichomo moyoni, maana yule Bwana haulizi ufasaha. Baada ya hapo avute pumzi polepole, aitoe kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, mara kumi au ishirini. Jambo hili huituliza ile neva inayoshuka kutoka ubongoni hadi tumboni. Mchana atoke atembee, hata kama ni kwenda na kurudi kwenye barabara ya majani chai, baridi isiwe kisingizio.

Al-Balkhi tuliyemtaja alikuwa na shauri zuri kwa nyakati kama hizi. Alisema kwamba kama watu wanavyoweka dawa nyumbani kabla ya maradhi kuja, vivyo hivyo waweke fikra za kutuliza, wazitengeneze wakati nafsi imetulia ili wazitumie inapochafuka. Tunamshauri binti yetu aziandike kwenye karatasi adhuhuri, kwa sababu usiku hatazikumbuka. Yako ya kweli ya kuandika. Ini ni katika viungo vichache vya mwili vinavyoweza kuota upya sehemu yake iliyoharibika. Homa ya ini aina ya C leo huponywa kwa vidonge vya miezi miwili mitatu, na wanaopona ni zaidi ya 90 kati ya 100. Aina ya B, ijapokuwa kuing'oa kabisa ni nadra, si kila mwenye nayo huhitaji dawa, na anayehitaji hupewa kidonge cha kila siku kinachovizuia virusi. Ini lenye mafuta hupata nafuu mtu anapopunguza uzito. Na iwapo majibu yatakuwa mazito kuliko haya, yatakuwa na mlango wake na watu wake wa kumsaidia. Hana haja ya kuyalilia kabla hayajafika.

Ikitokea kwamba ni aina ya B, mumewe na watoto wapimwe bila kelele na bila kuulizana nani aliileta, kwa kuwa aghalabu hakuna ajuaye. Asiye nayo achanjwe. Watoto waliozaliwa Kenya tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 hupewa kinga yake ndani ya chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, basi kadi za kliniki zitafutwe. Wengi wetu tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata. Haiambukizi kwa kula sinia moja, kwa kikombe, kwa kukumbatiana wala kwa mkeka wa kuswalia. Huambukiza kwa damu, kwa tendo la ndoa, kwa uzazi, na kwa wembe au mswaki wa kushirikiana. Asitengewe sahani.

Yamebaki maswali madogo ya sharia aliyoyaweka mwisho wa barua. Kutolewa damu ya kipimo hakuvunji udhu wala funga katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi. Picha ya ultrasaundi haivunji funga. Mpira unaopitishwa kooni kuangalia tumbo huivunja, basi akiwa katika Ramadhani atailipa siku ile. Akimpata daktari mwanamke ndilo bora. Asipompata, haja ya tiba inamruhusu mwanamume kumtazama pale panapohitajika tu, na mumewe au mwanamke mwenzake akiwapo. Akiwa maumivu yanamzuia kurukuu na kusujudu, aswali ameketi, na thawabu yake haipungui.

Na kwa kuwa ameambiwa asile tangu usiku kabla ya ultrasaundi, ameuliza kama aweza kuinuia iwe funga ya sunna, kwani tarehe imeangukia Alhamisi. Kisharia inajuzu, akiwa hakunywa hata maji tangu alfajiri. Lakini kwa mwenye tumbo kama lake hatumshauri. Anuie kutafuta tiba, nayo ni ibada, na amwombe mumewe abebe chupa ya chai ya maziwa na mkate. Kipimo kikiisha, aketi hapo hapo kwenye benchi ale kwanza, ndipo waulizie habari za majibu.

Wallahu aalam.